Saa ya Moscow Katika Jiko la Mogocha

Kwa miaka thelathini na mmoja Raisa Timofeyevna Loskutova alihudumia mabehewa ya abiria kati ya Moscow na Vladivostok. Akielekea mashariki jua lilichomoza mapema zaidi kila siku, lakini saa yake ya mkononi hakuigusa: reli yote ilikwenda kwa saa ya Moscow. Alistaafu mwaka 2016, akarudi kwao Mogocha, ambako kunakucha saa sita kabla ya Moscow. Hakupanda treni tena, wala saa hakuibadilisha.

Januari, mdogo wake Antonina alihama Vladivostok kwenda kuishi na bintiye Kaliningrad, ncha nyingine ya nchi. Walikuwa hawajaonana miaka kumi na mmoja. Treni ingesimama Mogocha robo saa. Wote wawili walikuwa wamevuka sabini, na hakuna aliyejidanganya kwamba ipo safari nyingine.

"Tiketi inasema saa nne na dakika arobaini asubuhi," Antonina alisema kwenye simu.

Raisa akajumlisha sita, kama alivyofanya maisha yake yote. Ikawa saa kumi na dakika arobaini jioni. Hakujua kwamba miaka miwili baada ya yeye kustaafu, tiketi zilianza kuandikwa kwa saa ya kila stesheni.

Siku yenyewe, baridi ikiwa nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri, alikuwa anakanda unga wa mikate ya kabichi aliyomwahidi mdogo wake. Jirani yake Dashi, Mburyati wa hukohuko Siberia anayetengeneza njia ya reli, aliingia kurudisha sepetu ya theluji.

"Shangazi Raya, bado uko hapa? Mdogo wako si anapita leo?"

"Jioni. Keti unywe chai."

"Jioni ipi? Treni ya Vladivostok imenipita sasa hivi, inaingia stesheni!"

"Usinifundishe reli wewe. Nimeitumikia kabla hujaota meno."

"Hiyo uliyoitumikia imeshazikwa. Siku hizi tiketi ni saa za hapahapa. Vaa buti!"

Gari la Dashi lilikuwa linanguruma nje. Baridi ikiwa kali hivyo, hakuna anayezima injini, maana haitawaka tena. Raisa alipanda na aproni yake, koti likiwa mabegani.

Kwenye behewa la tisa, Antonina alisimama chini ya ngazi amevaa ndara za ndani. Simu yake ilikuwa imezimika kwa baridi. Mhudumu, msichana mwenye kofia ya manyoya, alikuwa anambembeleza.

"Mama, panda. Zimebaki dakika tano."

"Sipandi. Dada yangu hajachelewa treni hata siku moja."

"Tonya!" Raisa aliita, akimkimbilia.

Walikumbatiana. Kisha Antonina akajitenga kidogo, amtazame.

"Una unga mpaka puani. Mikate iko wapi?"

"Bado haijawa mikate."

"Miaka kumi na mmoja, na hujamaliza kupika!"

Walicheka mpaka mhudumu naye akacheka, akawaacha hadi dakika ya mwisho kabisa, kisha akampandisha Antonina kwa kumshika kiwiko. Treni iliondoka. Raisa alitembea sambamba na dirisha mpaka jukwaa la stesheni likaisha.

Dashi alimfuata polepole. "Dakika nne tu, shangazi. Pole."

"Pole ya nini? Nimemshika kwa mikono yangu," alisema Raisa, akijifunga koti. "Twende, nimeacha jiko linawaka."