Wiki Moja ya Kufikiri

Wateja humwita Chanuo, na jina hilo halijamkera hata siku moja. Saluni yake ni chumba kimoja chenye viti viwili, kioo kirefu ukutani, na feni inayolalamika kuliko wateja. Anayesukwa hatazamani na msusi. Anatazama mbele, kichwa kimeshikwa, na maneno yanamtoka yenyewe. Ndiyo maana Chanuo anajua siri za nusu ya mtaa. Sifa yake ni kwamba haziuzi.

Mlezi wa vijana kanisani alikuwa kipenzi chake. Kijana mcheshi, mwenye maombi, asiyesahau kukuulizia hali ya mgonjwa wako. Waliomsema vibaya kijana huyo, Chanuo aliwajibu, "Ukimchunguza sana bata, hutamla." Hata binti wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu alipofiwa na mama pia akiwa mdogo, alipojiunga na kikundi cha vijana, Chanuo alimshukuru Mungu kwa sauti. Msichana yuko mwaka wa pili chuo cha uuguzi, ana marafiki wacha Mungu. Shangazi atake nini tena?

Basi siku moja akawa anamsuka mwanakwaya wa kikundi kile kile. Yule binti akashusha sauti, akasema Mlezi ameonyeshwa na Mungu kwamba yeye binti peke yake, kati ya vijana wote, ameitwa kuacha kazi na kutumika pamoja naye. Ila asimwambie mtu, maana kikulacho ki nguoni mwako. Mama yake akipinga, hiyo ndiyo ishara kwamba wito ni wa kweli. Chanuo alimpongeza, na akampongeza kwa moyo wote.

Siku chache baadaye akaja mwingine, mwanafunzi wa ushonaji, na hadithi ile ile. Yeye peke yake. Asimwambie mtu. Hata methali ilikuwa ni ile ile. Mikono ya Chanuo ikasimama katikati ya msuko. Hawa "peke yangu" wako wangapi jamani?

Hakungoja sana kumjua wa tatu. Jioni hiyo, wakiosha vyombo, binti wa kaka yake alisema bila kumtazama, "Shangazi, mwisho wa mwezi naacha chuo."

Hasira zikampanda. "Unaacha nini? Mimi nimekulea! Nimekataa wachumba kwa ajili yako, halafu leo..."

Msichana hakukasirika. Alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Alisema utapinga."

Chanuo akaelewa. Mtego ulitegwa kabla hajafika, naye ameingia miguu yote miwili. Kumwambia habari za wale wawili hakuweza. Siri za watu si zake. Na kilichomuuma zaidi ni maneno yake mwenyewe. Nimekulea, kwa hiyo nitii. Hiyo nayo ni kamba, hata kama imefumwa nyumbani. Usiku ule hakulala vizuri.

Jumamosi alimkalisha msichana kitini, akaanza kumfumua nywele taratibu.

"Sikupingi," alisema. "Nina ombi moja tu. Mwambie Mlezi unaomba wiki moja ya kufikiri. Usikatae, usibishane."

"Halafu?"

"Halafu utazame. Wito wa Mungu hauozi kwa wiki moja. Akikupa nafasi kwa moyo mweupe, nitakufungashia mizigo mimi mwenyewe."

Alimaanisha, na aliogopa kweli, kwa sababu huenda kijana yule angekubali na mtoto angekwenda zake.

Katikati ya wiki msichana aliingia saluni mchana, saa za masomo, akakaa. Chanuo akamwambia mteja aliyekuwa akisubiri arudi baadaye.

"Nilimwomba," msichana alisema. "Akacheka, akaniambia hamna shida. Jioni kwenye maombi akasema kuna mmoja wetu moyo wake umepoa, tumwache kwanza atubu. Shangazi, akasimulia lile nililomwambia faragha. Kwamba nilimchukia mama kwa kufa akaniacha. Jina hakutaja, lakini wote walinigeukia." Akafuta pua kwa kiganja. "Sasa hakuna anayepokea simu yangu. Hata yule tunayekaa naye darasani amehama kiti. Na sikukataa. Niliomba wiki tu."

"Si nilikuambia" ilimfika Chanuo mdomoni. Akaimeza, chungu kama ilivyokuwa. Yeye ndiye aliyemsifia mtu huyu miaka yote. Angeanzia wapi kujisifu? Akamkumbatia mtoto wake, akalia bila kujificha, kwa uchungu na kwa aibu.

"Sasa nifanye nini?" msichana akauliza.

Jibu lilikuwa tayari: kesho asubuhi chuoni, na kikundi kile usikikanyage tena! Chanuo hajawahi kukosa jibu tangu azaliwe. Lakini alimtazama yule binti, jinsi alivyokaa wima akingoja amri nyingine, ikamtisha.

"Wewe mwenyewe unaonaje, mwanangu?"

"Mimi?"

"Wewe."

Msichana alimkazia macho, akisubiri sehemu ya pili ya swali. Haikuja.

"Sijui," alisema mwishowe, na hapo ndipo kilio kilipomshika. "Mwaka mzima sijaulizwa."