Sifa Nilizomwagia Ombi la Maji

Miaka ishirini ya kupiga dramu kwenye bendi ya roki imeniharibia masikio, hasa la kushoto. Sasa narekodi waimbaji hapa Kilifi, na siri hiyo sikuwahi kumwambia mtu.

Juzi alikuja Mwanaidi, mwimbaji wa Takaungu. Nyuma ya kioo cha studio niliona midomo yake ikicheza, lakini nilisikia mvumo tu. Nikafumba macho, nikatikisa kichwa kama bingwa.

"Tamu! Rudia hivyo hivyo!"

Akatoka, akanisogelea.

"Mjomba, nilikuwa naomba maji ya kunywa."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamweleza ukweli, nikingoja achukue mkoba wake aende zake.

Akanywa maji, akavuta kiti karibu yangu.

"Haya mjomba, sikio zima ni lipi, nikuimbie?"