Majibu Yasiyo na Majina

Lorna Haugen, mkutubi wa shule ya Ulvang, Minnesota, hakuwa mtu wa kuamini upesi. Maziwa aliyanusa hata yakiwa yameletwa asubuhi hiyo hiyo. Sasa mtu huyo huyo alikuwa amejitia kitanzi kwa barua pepe.

Wakutubi wa shule walikuwa na jukwaa lao la barua pepe, na desturi yao ilijulikana. Mwenye swali anauliza mbele ya wote, majibu anaandikiwa yeye peke yake, kisha anayakusanya, anafuta majina na kuwarudishia wenzake. Doris Pruitt wa Iowa aliuliza: wazazi wakitaka vitabu viondolewe, mwalimu mkuu wako husimama upande gani? Lorna akamwaga yote. Mkuu wake, Bwana Stensrud, huingia maktabani watoto wakiwa kwenye chakula, akatoka na kitabu ndani ya koti. Na kila mara ni kitabu kilicholalamikiwa na wazazi.

Wiki zikapita, Doris kimya.

“Huyo Doris ni nani hasa?” Lorna alimwuliza mumewe, Merle, wakiwa mezani. “Kama ana shoga yake kwenye kamati ya wazazi? Jina langu likitoka tu, kazi sina!”

“Wewe nawe! Hata tarishi unamshuku.”

“Bahasha zetu anazikunja kwa nini?”

“Kula, mama. Viazi vinapoa.”

Hatimaye majibu yakaja. Lorna aliyasoma akilitafuta jina lake. Jibu lake lilikuwamo, halina jina wala mji. Doris wa watu alikuwa mwaminifu kabisa. Chini yake palikuwa na jibu jingine, nalo bila jina:

“Mimi ni mwalimu mkuu. Wazazi wetu wakichukua kitabu hakirudi. Kwa hiyo vitabu vinavyolalamikiwa navitoa mimi kabla yao, navificha nyumbani hadi watulie. Mkutubi wangu simwambii, ili akiulizwa vilipo asilazimike kudanganya. Ananitazama kama mwizi, na inaniuma.”

Uso ukamwaka kwa aibu. Kumbe Stensrud naye yumo jukwaani! Basi na jibu la Lorna atakuwa amelisoma, maana liko juu ya lake. Shaka ikamrudia papo hapo: au ameandika hivyo ili amtege?

Siku iliyofuata, saa ya chakula, Stensrud aliingia na shati tupu, bila koti, katika baridi ile ya Januari. Akasimama kwenye rafu, akakigusa kitabu ambacho kamati ingekuja kukichukua kesho yake. Kisha akaondoa mkono.

“Nimepita tu, Lorna.”

Lorna akalitazama shati lile: leo hakuwa na pa kufichia kitabu. Kama ni mtego, kazi ndiyo imekwenda. Akainuka, akaziacha funguo zake mezani, yeye ambaye hata Merle hajawahi kumwachia.

“Mkuu, umesahau koti lako,” akasema. “Kalichukue. Mimi naenda kula.”