Karanga za Mng'oa Meno

Siku hizi ukiumwa jino unapewa kikaratasi chenye namba na hakuna anayekutazama usoni, lakini zamani zile mng'oa meno wa Kagongwa aliweza kufunga banda lake akapanda lori la pamba kumsindikiza mtoto ambaye yeye hakumjua hata jina.

Huyo ndiye Hatibu. Mwaka 1971 Febronia, mkulima wa Ushirombo, alimletea bintiye Coletha, wa miaka sita, taya limevimba kama amebugia kiazi. Hatibu aligusa meno manne. Yote yakacheza, na hakuna hata moja lililooza. Akaweka koleo chini.

"Mama, hili si jino. Nikiling'oa nitamuua."

Lori likawafikisha hospitali ya misheni. Waganga wa kienyeji walikuwa wamesema ni jini. Hospitali ilisema saratani, ikamchoma sindano, na baada ya wiki uvimbe ukawa umenywea. Tangu hapo kila mavuno Febronia alimpelekea Hatibu karanga.

Mwaka 1988 Coletha alikuja mikono mitupu, macho mekundu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karanga ziko wapi?"

"Harusi imevunjwa, baba."

Euphrasia, mama wa mchumba wake Felician, alikuwa amesikia habari za lile taya. Hakutaka wajukuu wenye jini.

"Mwite mama yako, na huyo mama naye aje," Hatibu alisema. "Tunakwenda hospitali sote."

Daktari alifunua faili la zamani. "Chanzo kilikuwa jeni."

Euphrasia akapiga makofi. "Mmesikia! Dakta mwenyewe kasema jini!"

Hatibu akamgeukia daktari. "Dakta, nawe? Miaka kumi na saba nabishana na wapiga ramli, leo unaniaibisha?"

"Jeni, mzee. Je-ni." Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Ndani ya kila seli ya mwili kuna maagizo, ndiyo jeni. Moja ni kama msimamizi: huamua nyingine zipi zisomwe, na lini. Kwa Coletha, katika seli moja, msimamizi huyo alihama mahali pake, akakaa pasipo na kupumzika. Akawa anaamuru tu: ongezeka, ongezeka!"

"Alizaliwa hivyo?" Euphrasia aliuliza.

"Hapana. Iliharibika kwenye uvimbe tu, na uvimbe ulikufa. Hakurithi, wala hatarithisha."

Euphrasia akamgeukia Coletha. "Fungua mdomo, mwanangu, nione."

Hatibu alilisikia lile neno, mwanangu, akamshukuru Mungu kimoyomoyo.

Siku ya harusi alikaa nje ya kanisa la Ushirombo, kofia yake ya msikitini kichwani, mpaka maharusi walipopanda tela la trekta, Febronia pembeni yao. Coletha alikuwa akimenya muwa kwa meno yaliyoota mahali pa yale manne. Trekta likiondoka, aliinama akamrushia kifurushi.

"Karanga zako, baba!"

Wote walihamia mbali, kwa akina Felician, na hakuwaona tena.