Pipa Nililolificha Mtoni

Kabla sijaokoka nilikuwa napika chang'aa, pombe kali ya magendo, mtaani Gatwekera. Siku niliyobatizwa, mchungaji alinizamisha akasema yule mama wa zamani amezikwa, sasa ni Kristo anayeishi ndani yangu. Nikarudi nyumbani nikamwaga madumu yote mbele ya waumini, nao wakaimba.

Sikuwaambia kuhusu pipa moja. Sisi wapikaji tulikuwa tunafukia kangara, ile pombe inayongoja kupikwa, kwenye matope kando ya mto ili polisi wasiione. Hilo nililiacha, nikijiambia nitalimwaga siku nyingine. Uongo mtupu.

Kila asubuhi nikawa naketi nje ya geti la maghorofa ya Nyayo Highrise na kina mama wengine, tukingoja kuitwa kufua nguo. Wiki moja hakuna aliyeniita. Siku ya tatu bila kula, watoto wangu waliacha hata kuomba chakula, na hapo ndipo nilipoogopa. Nikashuka mtoni, nikalifukua pipa kwa mikono ili nipike niuze. Kangara ilikuwa imeiva. Harufu yake ilinijaza mate mdomoni.

Hasira zikanipanda. Nikasema kwa sauti, "Yesu, si wanasema unaishi ndani yangu? Basi hata wewe hujala tangu juzi!"

Ndipo maneno yangu yakanirudia: kama yumo ndani yangu, basi hata pombe hii tungeipika pamoja. Nikalisukuma pipa kwa mguu na kangara yote ikaingia mtoni.

Nikapanda kwenda nyumbani na matope hadi viwikoni, bila kitu cha kuwapa watoto. Tulirudi wawili, mimi na huyo anayeishi ndani yangu, na sote tulikuwa na njaa.