Akeyo ya Dani kwenye Televisheni

Kila Jumamosi asubuhi nilikuwa nimeshaketi sakafuni kwa jirani yetu, mtaani Obunga, kabla hata hajawasha televisheni. Kipindi kilikuwa cha watoto wanaopenda kupika. Mtangazaji, mwanamke mcheshi tuliyemwita Anti, alikifunga kwa maneno yaleyale: jiko halidanganyi. Nilimwamini kuliko mwalimu wangu wa dini.

Basi watu wa kipindi walipokuja Kisumu kutafuta mtoto wa kupika chakula cha kwao, wakanichagua mimi, nyumbani hakukukalika. Dani, nyanya yangu aliyenilea, alisema nitapika akeyo. Ni mgagani, mboga ya majani machungu, haipikwi mara moja ikaisha. Unaichemsha, unaitia maziwa, unailaza kwenye chungu, kesho unairudisha motoni na maziwa mengine, hivyo hivyo hadi uchungu uishe na rangi iwe nyeusi. Dani hakugusa mwiko. Alikaa pembeni akinigombeza kila nilipochochea kuni kupita kiasi. Chungu hicho hakuwahi kumwachia mtu, hata mama yangu.

Siku ya kurekodi nilikoroga, nikaeleza, tukapiga picha na Anti hadi mashavu yakaniuma kwa kutabasamu. Kisha wakaniambia nikanywe soda nje, chungu wangekileta. Kilirudi kimeoshwa. Dani alikigeuza juani, akawaambia majirani, "Hawa watu wa TV wamelamba mpaka chini." Habari hiyo aliifikisha hadi soko la Kondele.

Kipindi kiliporushwa, sebule ya jirani ilijaa akina mama wa kanisa letu, Dani kiti cha mbele. Nikajiona nikikoroga. Nikajisikia nikisema, hii ndiyo akeyo ya nyanya yangu. Halafu likaja bakuli: majani ya kijani yanayong'aa, yamekatwa membamba kama uzi. Anti akatia kijiko mdomoni, akafumba macho kwa utamu.

"Hiyo ni sukuma wiki," Dani akasema.

Nilimwambia sikujua, walibadilisha nikiwa nje. Akanigeukia.

"Nyathina, mtoto wangu, mdomo imesema hii ni akeyo, hiyo mdomo ni ya nani? Na yangu walimwaga wapi?"

Nadhani mboga yetu ilikuwa nyeusi mno kwa kamera yao. Si wangeniambia tu. Ningelia, ningerudi nyumbani na chungu kimejaa, tungekula. Badala yake walichukua sauti yangu wakaibandika kwenye uongo wao, wakaenda zao, wakaniachia nyanya asiyejua tena kama nasema kweli. Hasira hiyo sijaimaliza, na wala sina haraka.

Sasa naishi Kisian, nina jiko langu. Nikipika akeyo humpelekea Dani. Hushukuru, huniombea baraka. Kisha hufunua sufuria, akachota kidogo, akasogea na kijiko hadi mlangoni penye mwanga, akaitazama vizuri kabla ya kula.