Sarafu Moja kwa Kila Safari

Ofisi iliponihamishia Dodoma, familia ilibaki Dar es Salaam. Tulikubaliana iwe kwa miezi michache tu, watoto wamalize mwaka wa shule. Huu ni mwaka wa nne. Nimepanga vyumba viwili Chang'ombe ya huku Dodoma, na kimoja hata sijui kwa nini nakilipia kodi, maana ndani mna ndoo na pasi basi. Siku za kazi hazina shida. Jumamosi ndiyo iliyokuwa ikinimaliza. Nafua asubuhi, saa nne nguo zimeshakauka kwa upepo wa huku, halafu nabaki tunaangaliana na ukuta.

Ndivyo nilivyopata ugonjwa wa sarafu za zamani. Senti za mkoloni zenye tundu katikati, hela za Mjerumani zenye taji, nilizisaka kwa mafundi viatu na wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikajiunga na kundi la kwenye simu ambako watu wasiojuana hutumiana picha na kubishana. Niliyoitamani kuliko zote ni ile ya hela ishirini iliyogongwa Tabora, kwenye karakana ya reli, wakati wa vita vya kwanza, sarafu za kutoka Ujerumani zilipokuwa hazifiki tena. Ina herufi T chini ya mwaka. Aliye nayo nzuri haiachii kirahisi.

Mwenye duka ninaponunua mkate ni mtu wa Kondoa. Siku moja akaniambia shangazi yake kule anazo sarafu za namna hiyo, anazikalia tu. Jumamosi iliyofuata nilikuwa ndani ya basi.

Nilimkuta mama mjane, mtu mzima sana, anaishi peke yake nje kidogo ya mji. Watoto wake wako kwenye biashara zao mbali. Nikamwamkia, akaitikia, akaninywesha chai ya asali kwanza, ndipo akatoa kamba ya katani. Senti za tundu zilikuwa zimetungwa humo kama thelathini hivi, jinsi baba mkwe wake alivyokuwa akitembea nazo enzi za kuuza asali. Mwishoni mwa kamba palifungwa kitambaa. Akakifungua. Ndani mlikuwa na hela ya Tabora, T yake inasomeka. Chai ilinipalia.

"Mama, niuzie zote. Taja bei."

Akacheka. Akafungua fundo la kamba polepole, akachomoa senti moja, akaisugua kwa majivu na limau mpaka ikang'aa, akanipa.

"Hii ya leo."

Nilitaka kulia. Sarafu ya zamani haisuguliwi, ukiisugua umeiua thamani. Nikamwambia kwa ukali kidogo, naye akashangaa: "Sasa mgeni nampaje kitu kichafu?" Bei aliyotaka ilikuwa ya kilo ya sukari.

Nikasema moyoni, watu wa Kondoa na biashara, huyu bibi ananipandishia dau. Lakini nilirudi. Kila baada ya wiki mbili nilipanda basi, nikala ugali wa uwele na mlenda, nikapewa sarafu moja, isiyosuguliwa. Nilimtengenezea redio. Nilimsomea maandishi ya kwenye dawa zake za presha. Aliwajua wanangu wote kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mdogo alipougua malaria, yeye alijua kabla ya shemeji zangu. Baada ya kula nilikuwa nalala kwenye mkeka wake hadi aniamshe niwahi basi. Mwaka ukapita hivyo. Mimi nilidhani nasubiri hela ya Tabora.

Kisha kwenye kundi mmoja akaandika kwamba anaanza kuzunguka vijijini, Babati hadi Kondoa, kununua sarafu kwa jumla. Nikapagawa. Safari iliyofuata nilikwenda na bahasha, na hata chai sikuimaliza.

"Mama, leo nachukua zilizobaki zote. Kuna matapeli wanakuja."

"Zote?"

"Zote. Nitakuwa nakuja kukusalimia tu."

Alinitazama kidogo. Hakufungua fundo. Akanipa kamba nzima na kitambaa chake. "Hiyo kubwa sijaisugua," akasema. Bahasha akaiweka chini ya redio bila kutazama ndani, akaenda kusonga ugali.

Kesho yake mchana niliweka hela ya Tabora mezani, nikaipiga picha, nikaituma kwenye kundi. Pongezi zikamiminika kwa nusu saa, halafu wakahamia kubishania rupia ya mtu mwingine. Nikampigia mke wangu. Akasema ni nzuri, akaniuliza kuhusu ada. Nikakaa nayo. Ilikuwa nzuri kweli, na sikuwa na mtu wa kumwonyesha.

Jumamosi ya safari ilipofika niliamka alfajiri kama kawaida, nikavaa, nikakumbuka kwamba sina ninachofuata. Nikavua viatu. Wiki mbili baadaye nikasingizia mvua, kisha bajeti ya ofisi. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Sikujua mtu mzima anaendaje kwa watu bila shughuli, abishe hodi aseme nini. Miezi minne ikakatika hivyo, mimi na ukuta wangu, na nyumba moja tu ambayo ilikuwa ikinitarajia nimeifunga kwa mkono wangu mwenyewe.

Mwishowe nikaenda. Nilibeba sukari, sabuni na kanga. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba nimekuja kumwona yeye, hakuna kingine. Nilimkuta uani anapepeta alizeti. Nikamwamkia.

"Marahaba," akaitikia. Akaweka ungo chini, akajifuta mikono, akanitazama kwa huruma kama anayelazimika kutoa habari mbaya.

"Zimeisha, mwanangu. Ungeuliza kwanza pale dukani kwa mpwa wangu, usingepoteza nauli."